Nabii akikutajia jina la aliyekuroga, hiyo ni ramli

MwombajiMstaafu (mleta uzi)

Wakuu, Bwana asifiwe. Na msiosema hivyo, habari za saa hizi.

Niliweke hili wazi mapema nisije nikapigwa mawe kabla sijamaliza: naamini uchawi upo, naamini pepo wapo, na naamini wanatoka kwa jina la Yesu. Nimekaa kwenye timu ya maombezi miaka 6. Nimedaka watu wasiangukie kisogo, nimekemea mpaka sauti ikakauka wiki nzima. Kwa hiyo siandiki haya kama mtu anayechungulia dirishani.

Ninachokipinga ni kimoja tu. Ni pale mtu anapolipuka pepo, halafu mtumishi anamsogezea kipaza sauti mdomoni na kuuliza, "Nani amekutuma?"

Jioni moja aliletwa binti wa miaka 14. Alianguka mapema, hata wimbo wa pili haujaisha. Kiongozi wetu akauliza nani amekutuma. Kimya. Akauliza tena. Kanisa likaanza kuitikia, "Mtaje! Mtaje!" Tulikwenda hivyo muda mrefu sana. Mwisho yule mtoto akasema, "Shangazi."

Shangazi mwenyewe alikuwa kasimama pembeni ya ngazi za madhabahu, ameshika viatu vya huyo binti. Ndiye aliyemleta. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hakulia wala hakujitetea. Aliinama, akaviweka vile viatu kwenye ngazi ya chini, kimoja ubavuni mwa kingine kama mtu anayevua mlangoni, akatoka. Watu walimpisha njia pana kuliko aliyoihitaji.

Mimi niliendelea kukemea.

Sasa twende kwenye Maandiko. Kumbukumbu la Torati 18 inapowakataza Israeli, haianzi na mchawi. Inaanza na ampitishaye mwanawe motoni, kisha "mtu atazamaye bao", kisha atazamaye nyakati mbaya, abashiriye, msihiri. Mchawi yuko mwishoni mwishoni huko. Mpiga bao na mchawi wamewekwa kapu moja. Na kazi kubwa ya mpiga bao ni ipi, kama si kumwambia mwenye shida nani kamfanyia? Tukiifanya sisi tukaiita maombezi, tumebadilisha nini zaidi ya mavazi?

Tena shahidi wetu ni nani? Pepo. Yohana 8:44 inasema Ibilisi ni mwongo na baba wa huo uongo. Mahakama gani inamsikiliza baba wa uongo, halafu inamhukumu shangazi wa mtu bila kumuuliza neno? Yesu alimuuliza yule wa makaburini jina lake tu, akajibiwa Legioni. Hakumuuliza ametumwa na nani. Marko 1:34 inasema "wala hakuwaacha pepo kunena". Na Matendo 16 ndiyo inayonimaliza kabisa: yule kijakazi mwenye pepo wa uaguzi alikuwa anasema UKWELI, kwamba hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu. Paulo hakumpa kipaza sauti. Alimfukuza yule pepo na ukweli wake.

Naomba kuwasilisha. Mnaokuja kutukana, someni kwanza mpaka mwisho.

Moto_Haulali

Mtumishi, nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoagiza. Moto umekupoa, ndiyo maana jina lako lina "mstaafu".

Umechagua mistari inayokufaa. Petro alijuaje kuhusu Anania na Safira? Hakuna aliyemwambia. Elisha alijuaje kwamba Gehazi amemkimbilia Naamani? Neno la maarifa lipo, 1 Wakorintho 12:8. Na Yoshua 7 umeirukia wapi? Israeli wamepigwa vitani, Mungu mwenyewe akaamuru watu wapitishwe kabila kwa kabila, jamaa kwa jamaa, nyumba kwa nyumba, mpaka akashikwa Akani. Huko si kutaja? Adui asiyetajwa anaendelea kula. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Watu wamefungwa na maagano ya ukoo, ndoa hazifiki, mimba hazikai, wewe unataka tuwaambie wakapumzike?

MwombajiMstaafu

Kaka Moto, umepiga panapouma. Yoshua 7 nimekaa nayo muda mrefu na bado inanisumbua, sitakudanganya. Ila itazame hadi mwisho. Akani alitajwa mbele ya uso wake kwa kitu alichokitwaa kwa mkono wake. Yoshua akamuuliza yeye mwenyewe. Akaungama. Na bado Yoshua hakuridhika, akatuma watu mbio hemani, wakafukua: vazi la Shinari, shekeli 200 za fedha, kabari ya dhahabu ya shekeli 50. Ushahidi ukamwagwa chini, watu wote wakauona. Anania vivyo hivyo, aliulizwa ana kwa ana kuhusu fedha yake mwenyewe.

Shangazi hakuulizwa. Hakikufukuliwa kitu.

Na kabla hujaniambia kuhusu hirizi zinazofukuliwa kwenye nyumba za watu, nimeshiriki kazi hiyo pia. Mara mbili niliona mtu anakwenda moja kwa moja mahali pa kuchimba bila kusitasita. Mara ya kwanza nilisema ni upako. Mara ya pili nilitazama udongo, ulikuwa bado mbichi.

Halafu Efeso, Matendo 19. Walioamini "wakaja wakaungama, wakidhihirisha matendo yao". Matendo YAO, si ya jirani. Wakachoma vitabu vyao wenyewe, thamani yake vipande 50,000 vya fedha. Vilivyoungua siku ile ni vitabu. Hakuna bibi wa mtu aliyesukumwa kwenye moto.

Sina Upande

Watu wazima mnabishana pepo aulizwe swali gani. Uchawi haupo, funga uzi.

MwombajiMstaafu

Mkuu, hilo lina uzi wake. Hapa hata wewe tuko pamoja kwamba shangazi hakustahili yale.

Sina Upande

Hapo sawa.

Mtoto wa Mganga

Jina langu hapa si la mapambo. Baba yangu aliishi kwa kazi hiyo mpaka uzee wake ulipomkuta, na mimi ndiye niliyekuwa nabeba kibuyu nikiwa mdogo. Niliokoka nikiwa na miaka 23. Sitaki kusimulia niliyoyaona usiku, kuna watu wanapenda hizo hadithi kuliko Injili yenyewe. Niseme tu kwamba siwezi kukubaliana na ndugu Sina Upande.

Ila nataka niwape siri moja ya baraza la baba. Baba hakuwa anataja jina. Kamwe. Mteja ndiye aliyekuwa anataja. Baba anasema, "Namwona mtu, si mbali na nyumbani, mlikula naye sahani moja." Ananyamaza. Anatikisa kidogo. "Kuna jambo liliwahi kutokea kati yenu, dogo tu, wewe umelisahau, yeye hajalisahau." Mteja macho yanamtoka, anasema, "Wifi yangu!" Baba anainamisha kichwa, "Mimi sijasema. Umesema wewe."

Nilipoingia kanisa moja la huduma ya kufungua watu, mhubiri akasimama akasema, "Namwona mtu wa karibu, mnasalimiana vizuri, ila moyoni..." Nywele zilinisimama. Si kwa upako. Niliisikia sauti ya baba.

Nilihama kanisa, Yesu sikumwacha. Na kuna jambo sijawahi kulipatia jibu: mbona sisi tuliotoka huko tunaogopa wachawi kidogo kuliko wapendwa waliozaliwa kanisani?

Moto_Haulali

Ushuhuda mzuri. Lakini noti bandia ni dalili kwamba halali ipo.

Mtoto wa Mganga

Ni kweli mtumishi. Ndiyo maana halali hukaguliwa kwenye mwanga.

Sista wa Zamu

Samahani naingia kati, nimetoka kazini sasa hivi. Mimi ni muuguzi na ni mlokole, vyote viwili.

Mathayo 4:24 inaorodhesha waliomjia Yesu: wenye maradhi mbalimbali, wenye pepo, wenye kifafa, wenye kupooza. Mwandishi kawaweka wenye pepo na wenye kifafa kila mmoja kwa jina lake. Miaka 2000 iliyopita waliweza kutofautisha, sisi tunashindwa?

Naomba nizungumzie kifafa kwa sababu ndicho kinachonitoa machozi. Mgonjwa akiwa kwenye degedege HAFAI kukandamizwa na watu wanne. Mlaze ubavu, mtolee vitu vya kumuumiza karibu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika 5 hajatulia, hiyo ni dharura, hospitali mara moja. Na dawa za kifafa zikikatishwa ghafla, degedege linaweza kurudi mfululizo lisikatike, na hilo linaua. Anayemwambia mgonjwa "tupa dawa uoneshe imani" hajui anachokiamuru. Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Hakumwambia tumbo lina maagano.

La pili ni jinamizi. Wengi wanaletwa kwenye maombezi wakisema wanakabwa usiku: wameamka, wanaona chumba, hawawezi kuinua hata kidole, kifua kizito, na kuna mtu kasimama mlangoni. Tukiwa kwenye usingizi wa ndoto mwili huzima misuli ili tusirukeruke. Wakati mwingine akili inaamka misuli ikiwa bado imezimwa, na ndoto haijaondoka yote. Hutokea zaidi kwa mtu aliyechoka, aliyekosa usingizi, au aliyelala chali. Mimi mwenyewe lilinipata nikiwa zamu za usiku. Nilisali, ndiyo. Kisha nikapanga upya saa zangu za kulala.

Sisemi kila kitu ni ubongo. Nasema anzeni na kipimo, maombi hayaharibiwi na kipimo.

Kitubio

Tumsifu Yesu Kristo. Nimesoma kimya, nikaona nichangie upande wetu Wakatoliki, kwa sababu mara nyingi tunachekwa kwamba tumelala.

Kwetu padre hawezi kuamka asubuhi akaanza kupunga pepo. Kanoni 1172 ya Sheria za Kanisa za 1983 inataka ruhusa maalumu na ya wazi ya askofu wa mahali, na hupewa padre mwenye ibada, elimu, busara na maisha safi. Kitabu cha ibada ya kupunga pepo cha 1614, kilichotumika karibu miaka 400 mpaka kipya kilipotangazwa mwaka 1999, kilianza kwa kumwonya padre asiamini kirahisi kwamba mtu ana pepo. Katekisimu namba 1673 inataka kwanza ihakikishwe kwamba si ugonjwa.

Kwa haki nikiri jambo ambalo Moto_Haulali angelifurahia: hicho kitabu cha zamani kilimruhusu padre amuulize pepo kama amemshikilia mtu kwa sababu ya kazi ya uchawi, na vitu vikipatikana vichomwe. Kwa hiyo swali lenyewe si jipya. Lakini mwaka 1985 Roma iliandika barua kwa maaskofu kukataza mikutano inayoongozwa na wasio na ruhusa, ambamo pepo wanahojiwa moja kwa moja na utambulisho wao unatafutwa. Hicho ndicho hasa mleta uzi anachokilalamikia.

Na hatujatoka wasafi. Klingenberg, Ujerumani, mwanafunzi wa kike aliyekuwa na historia ya kifafa alifanyiwa ibada 67 kati ya mwaka 1975 na 1976, kwa ruhusa ya askofu. Akaacha kula. Alikufa Julai 1976 akiwa mifupa. Mahakama mwaka 1978 iliwatia hatiani wazazi na mapadre wawili kwa uzembe uliosababisha kifo. Ruhusa ilikuwepo, kitabu kilikuwepo, sala zilikuwepo. Daktari ndiye aliyekosekana.

Kabati la Vitabu

Nilisema sitachangia, lakini hilo la "Mtaje! Mtaje!" limeniamsha.

Salem, Marekani, mwaka 1692. Ilianza na mabinti wadogo nyumbani kwa mchungaji, wakajipinda miili na kupiga kelele. Wakubwa wakawazunguka na swali lilelile: nani anawatesa? Wakabanwa mpaka majina yakatoka. Walianza na wanawake watatu, mmoja mtumwa, mmoja ombaomba, mmoja mgonjwa asiyekwenda kanisani. Kabla mwaka haujaisha watu 19 walikuwa wamenyongwa, na mzee mmoja alikandamizwa kwa mawe hadi kufa kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Mahakama ilikubali ushahidi wa kwamba "nimeiona roho yake ikinijia". Ni kitu gani hicho kama si maono yetu ya leo?

Hispania walipata bahati ya mtu mmoja mbishi, Alonso de Salazar Frías. Alikuwa hakimu wa Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kusaka uzushi, si mpagani wala mpenda wachawi. Baada ya watu kuchomwa mjini Logroño mwaka 1610 alizunguka vijijini akiwasikiliza watu zaidi ya 1,800, wengi wao watoto. Alijaribu mafuta yao, akalinganisha maelezo yao. Akaandika kwamba hakukuwa na wachawi wala waliorogwa mpaka watu walipoanza kuzungumza na kuandika habari zao. Na padre wa shirika la Wajesuiti, Friedrich Spee, mwaka 1631, alieleza jambo la wazi ambalo wasomi walikuwa wanalikwepa: ukimtesa mtu vya kutosha atakutajia mtu, naye utamtesa atakutajia mwingine, na hesabu haitaisha.

Ulaya nzima, makadirio ya wanahistoria ni watu kati ya 40,000 na 60,000 waliouawa katika karne kama tatu za kusaka wachawi. Waliowahukumu wengi walikuwa wanasali kabla ya kikao.

Mama Wawili

Shikamooni wakubwa. Mimi naomba kuuliza tu, msinicheke.

Nabii mmoja aliniambia aliyefunga kizazi changu ni mama mkwe. Hakutaja jina, alisema "mama aliyekuzalia mume". Mwaka wa pili sasa sijakanyaga kwake. Mume wangu huenda peke yake na watoto, mimi nabaki. Baadaye nimepata wa pili, nabii akasema ni kwa sababu nimekata mguu. Sasa mama anaumwa miguu, na ananitumia salamu kwa mtoto wangu mkubwa. Nifanye nini? Na kama kweli ni yeye?

Moto_Haulali

Dada, hili siwezi kulijibu kwa hasira za kubishana. Mimi naamini neno la unabii. Lakini hata kwetu tumefundishwa unabii upimwe, 1 Wakorintho 14:29, wengine wapambanue. Aliyekupa hilo neno alikuwa na nani wa kupambanua? Kama alikuwa peke yake na wewe chumbani, mimi nisingelibeba miaka miwili. Nenda na mumeo.

Mtoto wa Mganga

Mama Wawili, "mama aliyekuzalia mume". Umeona? Hakutaja. Umetaja wewe.

Na kama kweli ni yeye, Mithali 26:2, laana isiyo na sababu haimpigi mtu, hutangatanga kama shomoro. Balaamu aliajiriwa kulaani akashindwa, akabaki anasema hapana uchawi juu ya Yakobo. Wewe ukienda kumkanda miguu utapungukiwa nini?

Mama Wawili

Nimesoma. Naogopa, lakini nimesoma.

Mleta uzi, na yule shangazi je? Mlimwomba radhi?

MwombajiMstaafu

Nilijua kuna mtu ataniuliza. Nimeandika na kufuta hapa mara kadhaa.

Yule binti nilikutana naye miaka baadaye, mtu mzima, ana kazi yake. Nilimuuliza kwa nini alimtaja shangazi. Alinitazama kama vile nimeuliza jambo la kipuuzi. Akasema, "Mlikuwa hamniachii. Nilifumbua macho nikaona viatu vyangu. Nikamtaja aliyevishika."

Kabati hapo juu hakumaliza habari za Salem. Mmoja wa wale mabinti waliokuwa wanataja watu, Ann Putnam, alisimama kanisani mwaka 1706 ungamo lake likasomwa mbele ya waumini, miaka 14 baadaye. Na mmoja wa majaji, Samuel Sewall, mwaka 1697 alisimama mbele ya kusanyiko lote mchungaji akisoma karatasi yake ya kukubali lawama. Haya niliyasoma mwaka juzi, nikakosa usingizi.

Basi nilikwenda kwa shangazi. Alinipokea, akanipa kiti, akanipa maji. Nikapiga magoti kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi jina langu lilitajwa kwenye kipaza sauti. Wewe unaniomba radhi sebuleni."

Nikamwambia nitazungumza na mchungaji ili nipewe dakika tano Jumapili, palepale, kwa kipaza sauti kilekile. Nilimwandikia mchungaji usiku uleule. Ni wiki ya tatu sasa. Tiki mbili ziligeuka bluu asubuhi yake.